Miombo, Mbuga na Vilima vya Mawe: Jamii za Mimea za Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ziko mahali ambapo pwani ya kusini mwa Tanzania inaachana na bara. Upande wa mashariki zinaelekeana na kingo za uwanda wa juu wa Rondo, ulioumbwa kwa mawe ya mchanga. Upande wa magharibi ardhi hupanda polepole kuelekea Liwale na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaskazini mto Mbwemkuru, na kusini mto Lukuledi, hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka Bahari ya Hindi. Baina ya mito hiyo miwili kuna nchi ya mabonde mapana na vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja, na sehemu kubwa ya nchi hiyo, pale ambapo jembe halijafika, imefunikwa na miti na nyasi ambazo mpita njia huziona kuwa pori moja lisilobadilika. Pori hilo si moja. Ni mkusanyiko wa jamii kadhaa za mimea, kila moja ikiwa na miti yake, nyasi zake, udongo wake na namna yake ya kukabiliana na ukame na moto, na mtu asiyezitofautisha hawezi kulilima, kulivuna wala kulihifadhi bila kuliharibu.

Jamii ya mimea, kwa maana wanayoitumia wanabotania, ni kundi la spishi zinazoonekana pamoja tena na tena mahali penye hali zinazofanana, kiasi kwamba anayeona mbili au tatu kati yake anaweza kutabiri nyingine zitakazokuwa karibu, na hata aina ya udongo ulio chini yake. Mwaka 1983 mwanabotania Frank White wa Oxford alipotoa, kupitia UNESCO, maelezo ya ramani ya uoto wa Afrika nzima, aliigawa nchi ya kusini mashariki mwa Tanzania katika kanda mbili kubwa: ukanda wa Zambezi, ambao ni makao ya miombo na unaenea hadi Angola, na ukanda wa pwani unaoshuka toka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, wenye mchanganyiko wa misitu midogo, vichaka na nyika. Nachingwea na Ruangwa ziko pale kanda hizo mbili zinapokutana na kuingiliana, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya utajiri wa mimea yake.

Miombo ndiyo inayotawala. Kwa jina hilo hujulikana nyika ya miti inayoongozwa na jenasi tatu zilizo katika ukoo wa mikunde, yaani Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, na nyika hiyo imeenea katika Tanzania, Msumbiji, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola na kusini mwa Kongo. Wataalamu huigawa katika miombo mikavu, inayopata mvua isiyozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na miombo ya maji, inayopata zaidi ya kiasi hicho. Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na miombo yake kwa jumla ni ile mikavu: miti yenye kimo cha wastani, yenye matawi yanayopanuka juu na kugusana bila kufungana kabisa, ikiacha mwanga wa kutosha ufike chini na kukuza nyasi. Miti inayoonekana zaidi ni Brachystegia spiciformis, Brachystegia boehmii na Julbernardia globiflora, ambayo majina yake ya kienyeji hubadilika toka kijiji hadi kijiji na toka Kimwera hadi Kiyao na Kimakua, ndiyo maana majina ya Kilatini yanatumika hapa. Iko pia Brachystegia bussei, iliyopewa jina la Walter Busse, Mjerumani aliyekusanya mimea katika nchi hizi mwanzoni mwa karne ya 20.

Jambo linalostaajabisha katika miombo ni jinsi inavyochipua. Mwezi Septemba na Oktoba, wakati visima vinakauka na nyasi zote zimekuwa makapi, miti hii hutoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, ikitumia maji iliyoyahifadhi katika shina na yale yanayovutwa na mizizi mirefu toka chini sana. Majani hayo machanga hayaanzi yakiwa ya kijani. Huanza mekundu, ya rangi ya shaba au ya waridi, kutokana na rangi maalumu zinazodhaniwa kulilinda jani changa dhidi ya jua kali na wadudu, na katika siku hizo kilima kizima huonekana kimewaka rangi. Maganda ya mbegu nayo, yakishakauka juani, hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu, lakini mbegu hizo ni nzito na haziendi mbali na mti mama. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa maana eneo pana lililosafishwa kabisa, lisilobakiwa na visiki wala miti mama kandokando, haliwezi kurudiwa na miombo kwa mbegu ila kwa muda mrefu mno.

Udongo wa miombo kwa kawaida ni mchanga mwekundu au wa kijivujivu uliotokana na miamba ya kale ya nisi, wenye tindikali, na wenye upungufu wa fosforasi na naitrojeni. Mtu angetarajia kwamba miti ya ukoo wa mikunde ingejitafutia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi, kama inavyofanya kunde au mbaazi, na kweli mninga na mpingo hufanya hivyo. Lakini Brachystegia na Julbernardia, zilizo wenyeji wakuu wa nyika hii, kwa kawaida hazina vinundu. Badala yake mizizi yake midogo imefunikwa na ala ya fangasi, ambao nyuzi zao huenea mbali udongoni, hunyonya fosforasi na naitrojeni kutoka katika majani yanayooza, kisha huupa mti virutubisho hivyo na kupokea sukari kutoka kwake. Ushirikiano wa namna hii ni nadra katika miti ya tropiki, ila ni wa kawaida kabisa katika misonobari na mialoni ya nchi za kaskazini. Kwa hiyo mwaloni wa vilima vya California au wa Hispania, unaosimama juu ya nyasi zinazokauka kila kiangazi, na muombo wa Nachingwea, ingawa haina undugu wowote, inaishi kwa mbinu moja.

Fangasi hao ndio wanaochomoza juu ya ardhi kama uyoga mvua zinapoanza, na kina mama wa vijiji vya kusini huwajua kwa rangi, harufu na mti wanaoota chini yake. Watafiti Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, wakishirikiana na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa mwaka 2003 kitabu kikubwa kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya uyoga unaoliwa uliomo humo ni ule unaotegemea miti ya miombo. Mti ukikatwa, uyoga wake hutoweka pamoja nao, kwa sababu fangasi hana tena anayemlisha. Uyoga wa vichuguu ni habari nyingine, kwa kuwa huo hulimwa na mchwa ndani ya viota vyao, na vichuguu vyenyewe ni jamii ya mimea ya peke yake katikati ya miombo: udongo wake, uliopandishwa toka chini na mchwa, una mfinyanzi mwingi na chokaa nyingi zaidi ya ule unaouzunguka, hivyo juu yake husimama mikwaju na vichaka vizito ambavyo havionekani hatua chache kutoka hapo.

Chini ya miti ya miombo kuna mimea midogo ambayo mgeni huipita bila kuitazama, na mmojawapo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ni jamaa wa kiazi kikuu, mwenye jina la kisayansi Dioscorea hirtiflora, ambaye mizizi yake watu wa Lindi na Mtwara huiita ming'oko. Mmea huu hutambaa na kupanda juu ya vichaka wakati wa masika, kisha shina lake hukauka na kukatika, na mchimbaji hulazimika kuutambua kwa uzi mkavu uliobaki ukining'inia kwenye kichaka. Chini yake hukuta viazi vyembamba, vya urefu wa kidole au zaidi kidogo, vyenye ganda la kahawia, ambavyo huchemshwa, humenywa na kuliwa kwa chumvi, na katika miezi ya kiangazi akina mama huvipanga mafungu na kuviuza sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Ming'oko ni chakula cha mwituni hasa, kinachofuatwa porini kila mwaka, na upatikanaji wake unategemea moja kwa moja kubaki kwa vichaka vinavyouhifadhi mmea huo.

Pamoja na jenasi zile kuu, miombo ina miti mingine ambayo thamani yake imezidi ya wenyeji wake wakuu. Mninga, au Pterocarpus angolensis, hutoa mbao za fanicha zinazopendwa kuliko zote nchini. Mkongo, au Afzelia quanzensis, hutoa milango na mihimili. Mtonga na mbula hutoa matunda. Na msolo, au Pseudolachnostylis maprouneifolia, ni mti ambao chini yake jamii za kusini, Wayao wakiwa miongoni mwao, walikuwa wakiweka unga wakati wa tambiko, jambo lililoufanya uepushwe na shoka kwa vizazi vingi. Maisha ya mninga yanaeleza mengi kuhusu nyika nzima. Ganda lake la mbegu ni la mviringo, lenye utando mpana unaochukuliwa na upepo na katikati yenye miiba mingi, na mche unaochipua kutoka humo hauwi mti mara moja: kila kiangazi shina lake hufa au huungua, na kila masika hutoa shina jipya, huku mzizi ukinenepa chini kwa chini, mpaka baada ya miaka mingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, mzizi huo uwe na akiba ya kutosha kurusha katika msimu mmoja shina refu linaloweza kuupita moto. Hivyo mahali panapoonekana hapana miche ya mninga panaweza kuwa na mizizi mingi inayosubiri, na trekta linalopindua udongo huiua yote bila mwenye trekta kujua kwamba ilikuwepo.

Namna jamii hizi zinavyopangana juu ya ardhi inafuata kanuni iliyoelezwa kwanza hapahapa Tanganyika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliona katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki haubadiliki ovyo, ila hufuatana kwa mpangilio uleule toka kileleni mwa mgongo wa ardhi hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia mgongo baada ya mgongo. Wazo lake, lililochapishwa mwaka 1935 na 1936, sasa linafundishwa duniani kote. Katika Nachingwea na Ruangwa mpangilio huo unasomeka kwa miti. Juu ya mgongo, kwenye udongo mwekundu wenye kina na unaopitisha maji, husimama miombo mirefu. Mteremkoni, ambapo udongo unakuwa mwepesi na wenye changarawe, miombo hupungua kimo na kuchanganyika na mitogo na misolo. Chini zaidi, mfinyanzi unapoongezeka, miombo huachia nafasi milama na migunga. Na bondeni kabisa, penye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi, miti hukoma na nyasi hushika mahali pote. Hapo ndipo mbuga, ambayo haina miti kwa sababu mizizi ya miti haivumilii kuzama majini miezi kadhaa na kisha kukatwa na udongo unaopasuka.

Nyasi za jamii hizi nazo hazifanani. Chini ya miombo hupatikana Hyparrhenia, nyasi ndefu zinazotumika kuezekea nyumba, ambazo mwishoni mwa masika humfunika mtu. Penye miamba na udongo mwembamba huwa Loudetia na nyasi fupi ngumu. Kingo za mbuga, baina ya nyasi na miti, ndizo sehemu ambazo mpingo huonekana kwa wingi, ingawa mti huo huota pia kwenye miteremko ya mawe. Mpingo, wenye jina la kisayansi Dalbergia melanoxylon, huchanua maua madogo meupe yenye harufu nzuri mvua zinapoanza, kwa siku chache tu. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini, na mti huchukua miongo mingi, yapata miaka 70 hadi 100, kufikia unene wa kuvunwa. Wachonga vinyago wa Kimakonde na watengenezaji wa zumari na klarineti wa Ulaya wanautegemea mti huohuo mmoja.

Kando ya mito mambo hubadilika tena. Kwenye kingo za Mbwemkuru na Lukuledi na vijito vyake, ambako mizizi hufikia maji hata mwezi Oktoba, miti hubaki na majani mwaka mzima na hukua kwa kimo kisichojulikana mgongoni. Mikuyu na mizambarau ya mwituni husimama hapo, na mikangazi na mivule penye udongo mzuri. Misitu hii ya kando ya mito ni mikanda myembamba sana, na kwa sababu hiyo ndiyo inayokwisha upesi kuliko jamii nyingine zote, kwani bustani za mboga na mashamba ya mpunga hutafuta udongo uleule.

Vilima vya mawe vinahitaji kutajwa peke yake. Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia wa Kijerumani aliyezunguka nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1900, ndiye aliyeipa sayansi jina la vilima vya namna hiyo, yaani majabali makubwa ya mviringo yanayosimama pweke juu ya uwanda baada ya mawe laini yaliyoyazunguka kumomonyoka. Mimea iliyo juu yake huishi kwa sheria ngumu. Mwamba hupata joto kali mchana, hauna udongo, na maji ya mvua huuteleza kwa dakika chache. Hata hivyo kuna mimea kama Xerophyta, yenye shina lililofunikwa na masalio ya majani makavu, na Coleochloa setifera, jamaa wa ndago anayeutandikia mwamba mkeka, ambayo hukauka kabisa kiangazi hadi kuonekana imekufa, kisha hurudi kuwa ya kijani siku chache baada ya mvua. Penye nyufa huota mishubiri na mikuyu inayopenyeza mizizi, na Brachystegia microphylla huweza kusimama kwenye miteremko ya mawe ambayo muombo mwingine hauthubutu.

Upande wa mashariki, kadiri mtu anavyoukaribia uwanda wa Rondo, miombo huanza kupenyezwa na vichaka vya pwani, na juu ya uwanda wenyewe, unaopata ukungu na mvua zaidi, uliwahi kusimama msitu mnene wa mivule na miti mingine mikubwa. Hans-Joachim Schlieben, aliyekusanya mimea mkoani Lindi katika miaka ya 1934 na 1935, alirudi na spishi nyingi zilizokuwa hazijulikani, na tangu hapo wanabotania wameihesabu Lindi kuwa mojawapo ya vituo ambavyo mimea yake ya kipekee ni mingi kuliko sehemu nyingi za pwani. Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo inalinda mabaki ya msitu huo, pamoja na komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa gramu zipatazo 60, aliyetambuliwa na wanasayansi kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990. Hifadhi hiyo iko nje kidogo ya wilaya hizi mbili, lakini vichaka vinavyoteremka kuelekea Ruangwa ni sehemu ya jamii hiyohiyo, na kuvikata kunaikata Rondo na nchi inayoizunguka.

Historia ya kudharau tofauti hizi iliandikwa Nachingwea kwa gharama kubwa mno. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilituma tume ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na kwa muda wa wiki tisa tu, sehemu kubwa wakitazama toka angani, watu hao walipendekeza mashamba ya karanga yenye ekari milioni 3.21. Kati ya vitengo 80 vilivyokusudiwa kwa Tanganyika, kila kimoja kikiwa cha ekari 30,000, vitengo 55 viliwekwa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ikafanywa makao yake. Bandari ya Mtwara na reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea zilijengwa kwa ajili hiyo. Matingatinga yaliangusha miombo, na hapo ndipo mizizi, ambayo toka angani haikuonekana, ilipotokeza: mtandao mnene wa mizizi uliovunja majembe ya matrekta na kulazimisha kazi irudiwe mara kwa mara. Mwanzoni mwa 1951, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36 katika vituo vyake vya Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ulifutwa. Mwaka 1955 mabaki yake yakakabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 1960. Kosa la msingi lilikuwa kuichukulia nchi kuwa tupu na ya namna moja, wakati kila mkulima wa Kimwera alijua ni mgongo upi wa kupanda mtama na ni bonde lipi la kuacha, kwa kuangalia tu miti iliyosimama juu yake.

Mkulima huyo wa jadi alikata miti na kuacha visiki, akalima miaka michache, kisha akaliacha shamba lipumzike. Katika shamba lililoachwa nyasi hutangulia, hufuatwa na misegese na milama, na chini yake visiki vya miombo hutoa machipukizi toka mwaka wa kwanza. Katika muda wa miaka 20 hadi 30 nyika hurudi kwa sura yake, hata kama miti minene inahitaji muda zaidi. Kinachovunja mzunguko huo siku hizi ni soko la ufuta. Zao hilo hustawi katika udongo mpya usio na magugu mengi, hivyo mkulima anayetafuta mavuno mazuri hufyeka pori jipya badala ya kurudi kwenye shamba la zamani, na baada ya misimu michache hufyeka tena. Ufuta umewapa watu wa Ruangwa na Nachingwea kipato ambacho korosho peke yake haikuwapa, na ni haki yao kukitafuta. Lakini migongo yenye udongo mwekundu wenye kina, ile inayobeba miombo mirefu na mininga mingi, ndiyo inayofyekwa kwanza. Mbuga nazo zimepata mgeni mwingine tangu 2006, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na wengi wao kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, katika nchi ambayo mbung'o walikuwa wameizuia mifugo kwa muda mrefu.

Moto ni swali gumu kuliko yote, na majibu yake yako wazi zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika majaribio yaliyoanza miaka ya 1930 karibu na Ndola, Zambia ya leo, vipande vya miombo viligawanywa: vingine vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, vingine mwishoni mwake, na vingine havikuchomwa kabisa. Colin Trapnell, aliyechapisha matokeo mwaka 1959, alionyesha kwamba moto wa mwishoni, unaowaka Septemba na Oktoba nyasi zikiwa kavu kabisa na miti ikiwa na majani mapya, uliigeuza nyika kuwa nyasi tupu zenye miti michache sugu. Kipande kisichochomwa kiligeuka kuwa msitu wa kufungana wenye vichaka vya majani ya kudumu. Na moto wa mapema, unaowaka Mei au Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, uliiacha miombo iendelee kuwa miombo. Moto wa kuchelewa pia huingia katika vidonda vya shina la mpingo na kuliacha na uwazi ndani, na gogo la namna hiyo halina bei.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zilikipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, kuulinda kwa kamati ya maliasili na kuuza mazao yake kwa mpango wa uvunaji. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwani tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyokamilika mwaka 2015, ilikuta kwamba karibu nusu ya hekta milioni 48.1 za misitu ya Tanzania iko katika ardhi za vijiji. Wilayani Kilwa, kijiji cha Kikole kilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu mwaka 2009, na tangu 2018 programu ya FORVAC ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa msaada wa Finland, ilizishirikisha Liwale, Nachingwea na Ruangwa katika kazi kama hiyo. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe, uliuweka mpingo chini ya uangalizi toka 2017, na mkutano wake wa Panama wa 2022 ukaongeza mninga na mkongo wa Afrika.

Kasoro inayobaki ni kwamba mpango wa uvunaji huhesabu magogo ya aina chache zenye soko, na mipaka ya hifadhi huchorwa kwa kufuata mahali ambapo hakuna mtu anayelima. Kijiji kinachotenga vilima vya mawe na miteremko ya changarawe peke yake kitakuwa kimehifadhi jamii mbili na kuziacha nne, na hizo nne ndizo zenye mpingo, ming'oko, mikangazi na mizizi ya mninga inayosubiri. Hifadhi inayofaa katika nchi hii ni ile inayokatiza mpangilio wote, toka juu ya mgongo hadi kwenye mbuga na ukingo wa mto, hata ikiwa ndogo kwa ekari, na inayoandika katika sheria zake ndogo kwamba moto utawashwa na kamati yenyewe mwezi Mei au Juni. Ukaguzi wa mimea yake nao ufanyike Februari na Machi, ingawa barabara za Ruangwa ni mbaya wakati huo, kwa sababu ndiyo miezi ambayo nyasi zina maua ya kutambulikana, uyoga umechomoza na ming'oko ina majani. Mkaguzi anayekwenda Agosti, njia zikiwa kavu, hukuta miti peke yake na kuandika kwamba hakuna kitu kingine.